Mguu wa Mkwe

Kiwanja cha kriketi cha kiwanda cha pamba pale Kibwezi hakikuwa na nyasi. Kilikuwa na udongo mwekundu, mawe madogo yaliyookotwa kila mwaka na kila mwaka yakarudi, na katikati mkeka mrefu wa katani uliopigiliwa misumari ardhini ili mpira udunde sawasawa. Wahindi walioanzisha mchezo huo walikuwa wamehama mmoja mmoja, wengine Nairobi, wengine ng'ambo, wakaacha mkeka, fimbo chache za kupigia, na sheria. Fimbo zilikuwa zimepasuka. Sheria ndizo zilizobaki nzima, na kila mtu alizijua kwa namna yake.

Mwaka huo wa sabini na nne, timu ya Kitui ilikuja kwa lori la kubebea marobota, nayo ilikuja na sufuria kubwa ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na Mumbua wa kuipakua. Mumbua alikuwa binti wa kapteni, Mzee Muthama. Hakuja kwa ajili ya muthokoi wala kriketi. Alikuja kwa sababu mmoja wa waamuzi wa siku hiyo alikuwa Mwalimu Mutie wa Kasikeu, na Jumamosi iliyofuata watu wa Mutie walikuwa waje kwa Mzee Muthama na mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao wakishapokelewa msichana huhesabiwa kuwa ni wa watu. Kwa wiki nzima Mumbua alikuwa akitembea nyumbani kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi mdomoni mwa mtungi. Hakutaka chochote kitikisike.

Na sasa baba yake angepiga mpira, na mchumba wake angeamua.

Kumbe hata Mutie alikuwa amewaza hivyohivyo. Asubuhi, kabla ya mchezo, alimfuata Mzee Muthama karibu na lori, akasimama mbali kidogo kama inavyopasa, macho yake kwenye tairi.

"Mzee, nilikuwa nafikiri labda watafute mtu mwingine. Kwa sababu ya yale mambo yetu."

"Mambo gani?" Mzee Muthama alisema kwa sauti ya kusikiwa na timu zote mbili. "Mambo ya kiwanja yabaki kiwanjani. Ukishavuka ile kamba ya mpaka, mimi si baba ya mtu na wewe si mkwe wa mtu. Ukiona nimetoka, nitoe!"

Watu wakapiga makofi. Shufaa, mke wa kapteni wa Kibwezi, aliyekuwa akiwasha moto wa chai, akamgusa Mumbua kwa kiwiko.

"Umesikia, mwanangu? Leo mpaka jioni wewe ni yatima."

Mumbua alicheka, lakini alikuwa akimtazama Mutie, na Mutie hakucheka.

Wakamba wana nthoni, ile haya ya wakwe. Kijana akikutana na mama mkwe njiani huacha njia akapita vichakani. Baba mkwe naye hatazamwi usoni kwa kukodolewa, haongeleshwi ovyo, na kumnyoshea kidole ni jambo ambalo hata mlevi hukumbuka kutolifanya. Sasa kriketi, kana kwamba ilitungwa na mtu mwenye chuki na wakwe, inamtaka mwamuzi asimame nyuma ya mrushaji, akodoe macho kwenye miguu ya mpigaji mchana kutwa, na akiona ametoka, amnyoshee kidole juu bila kusema neno.

Na katika njia zote za kumtoa mtu, iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya mguu. Mpira ukikugonga mguuni, na mwamuzi akaamini kwamba usingekuwa mguu wako mpira ungeangusha vile vijiti vitatu nyuma yako, umetoka. Ushahidi hakuna, kwa sababu mpira haukufika. Mwamuzi anaamua juu ya kitu ambacho hakikutokea. Tena hawezi kuamua mpaka aulizwe. Wanaocheza uwanjani lazima wapige kelele ya kuuliza, kwa Kiingereza cha wenye mchezo ambacho huku kilishakuwa neno moja, "Hauzati!", yaani vipi hapo? Wasipouliza, hata mguu uwe umesimama mlangoni mwa vijiti kama askari, hakuna kilichotokea.

Haya yote Mumbua aliyajua tangu utotoni. Mzee Muthama alikuwa karani wa boma Kitui zamani za wazungu. Jumamosi maofisa wao walipopungukiwa na mtu, walimwita karani akasimame mbali kuwaokotea mipira. Siku moja wakampa fimbo kwa mzaha, na mzaha huo haukuisha tena. Aliposhika shamba lake alikuwa akifanya mazoezi uani kwa machungwa mabichi, na Mumbua ndiye aliyeyarusha na ndiye aliyeyafuata katikati ya mbaazi. Wenzake walijua nyimbo za kuruka kamba. Yeye alijua sheria ya mguu.

Waamuzi walikuwa wawili. Yule wa pili alikuwa Mzee Othman, fundi cherehani kutoka Mwingi, aliyesimama upande wa pili na tasbihi mkononi. Katika miaka yote ya uamuzi wake Mzee Othman hakuwahi kumtoa mtu kwa mguu. "Mguu wa mtu ni siri yake na Mola wake," alikuwa akisema. Mutie alikuwa kinyume. Mutie alimtoa kila mtu aliyestahili kutoka. Alishamtoa mwalimu mkuu wake mwenyewe, tena kwenye siku yake ya kustaafu, na hotuba ikawa fupi. Ndiyo maana timu zote zilimwita. Ndiyo maana, vilevile, warushaji wote walitaka kurusha kutoka upande wake.

Kibwezi walipiga kwanza, mpaka chakula cha mchana. Baada ya muthokoi ikawa zamu ya Kitui kupiga, na Mzee Muthama akavaa kinga zake za miguu. Zilikuwa kinga za turubai alizozishona mama yake Mumbua, akazijaza pamba ya kiwandani, na ile ya mguu wa mbele ilikuwa imechanika gotini, pamba inachungulia.

Hapo ndipo lori la pamba lilipofika kiwandani, na mtu mmoja wa Kibwezi akaitwa kwenye mizani. Kibwezi wakabaki pungufu. Kwa desturi yao, wanaopiga ndio huazima wenzao mtu wa kudaka mipira, maana wengi wao wamekaa tu kungojea zamu. Lakini vijana wa Kitui walikuwa wameshiba, wamelala nyuma ya stoo, kofia usoni.

"Mchukueni Mumbua," alisema Mzee Muthama. "Anajua kuokota."

Kapteni wa Kibwezi, Rashid, mwenye duka la vitambaa, alimtazama Mumbua, kisha akamtazama mzee. "Kwa mchezo ama kwa sheria?"

"Kwa sheria! Akishasimama kwenu ni wenu. Akidaka amedaka, akiuliza ameuliza. Sisi Kitui hatuazimi mtu nusu."

Wakapiga makofi tena. Siku hiyo Mzee Muthama alikuwa anapigiwa makofi kwa kila anachosema, na hilo halikuwa jambo zuri kwake. Shufaa akamfunga Mumbua leso kiunoni, fundo gumu. "Nenda ukasimame kule kwa kamba, mwanangu. Mpira ukija na hasira, upishe. Kiuno chako bado kina kazi."

Mumbua akaenda akasimama upande wa nyuma ya mrushaji, mbali, karibu na kamba. Kutoka hapo aliona mgongo wa Mutie, kofia yake nyeupe, na mbele yake mkeka wote mpaka kwenye miguu ya baba yake.

Mrushaji wa Kibwezi alikuwa Mutiso, mpiga robota wa kiwandani, mwenye mabega ya kuziba mlango. Alianza mbio zake karibu na ua wa kiwanda, akapita mbele ya Mutie akihema kama gari moshi, akaachia. Mipira ya kwanza Mzee Muthama aliizuia vizuri, fimbo wima, kiwiko juu, kama alivyofundishwa na wazungu. Halafu Mutiso akarusha mmoja wa chini. Ulidunda kwenye mkeka, ukakataa kuinuka, ukapita chini ya fimbo.

Pufu! Pamba ikaruka gotini kwa mzee, ikapanda hewani kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa.

"HAUZATI!" Uwanja wote. Mutiso alikuwa amepiga magoti. Hata vijana wa Kitui waliolala nyuma ya stoo waliinua kofia.

Mumbua hakupiga kelele. Hakuwa na haja. Mguu wa baba yake ulikuwa umesimama mbele ya kijiti cha katikati kabisa, na goti lilikuwa linafuka pamba. Aliutazama mkono wa kulia wa Mutie. Mkono ulianza kupanda. Ulifika kwenye mshipi. Hapo ukasimama, ukashika mshipi, ukaurekebisha, ingawa mshipi haukuwa na neno.

"Hajatoka," alisema Mutie.

"Hajatoka?" Mutiso aliuliza akiwa bado chini. "Mwalimu, ule mpira ulikuwa unaenda wapi? Mtito Andei?"

"Hajatoka."

"Nyuma ya huyu mzee kuna vijiti, Mwalimu! Si barabara ya Mombasa!"

"Muacheni," sauti moja ilitoka kwa watazamaji, ya mtu aliyekuwa amepanda juu ya marobota. "Mwenzenu anatoa mahari!"

Kicheko kilianza pale juu, kikashuka, kikazunguka kamba yote mpaka kwa Shufaa na birika lake. Mwanzoni Mzee Muthama alikuwa ametulia, uso wa mtu aliyeponea. Neno lile la mahari lilipomfikia, uso ukabadilika. Ndipo alipoelewa alichofanyiwa.

Maana mzee huyu hakuwa mpigaji tu. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila mtu kati ya Kitui na Kibwezi alilijua hubiri lake la Machakos. Jinsi alivyokuwa akipiga huko ujanani, mpira ukagusa fimbo yake kidogo tu, kama nzi anavyogusa ukingo wa kikombe, ukadakwa. Hakuna aliyesikia. Mwamuzi akatikisa kichwa. Na yeye Muthama, peke yake na dhamiri yake, akajitoa. Wazungu walisimama wakampigia makofi, na kila mwaka waliosimama walikuwa wanaongezeka. Watu walishaoana kwa hubiri hilo, walishasamehewa kwa hubiri hilo.

Sasa alikuwa amesimama kwenye mkeka, pamba inamning'inia gotini, na hakuna mahali pa kwenda. Akitoka mwenyewe, atakuwa amesema mbele ya watu kwamba mkwe wake ni mwongo. Akibaki, mwongo ni yeye. Aseme kifua kimebana? Huo nao ni uongo, tena wa mchana. Basi akabaki. Akagonga fimbo chini kwa hasira, akaamua atolewe kwa njia nyingine, upesi.

Haikuwa rahisi. Kwa sababu Rashid naye alikuwa amewakusanya watu wake katikati, Mumbua akiwemo, akasema polepole na kwa utamu, kama anavyosema na mteja anayedai bei ipunguzwe:

"Huyu mzee anataka kukaa. Basi akae. Hakuna kulenga vijiti. Hakuna kudaka. Hakuna kuuliza. Tumpe nafasi yote apige mpaka jua lizame, apate ushindi aende nao kanisani."

"Tutashindwa, Kapteni," alisema mmoja.

"Kushindwa kutasahaulika."

Yakafuata mambo ambayo sheria haikuyaandika. Mzee Muthama aliupiga mpira juu, wima kabisa, ukapanda, ukashuka moja kwa moja kwa Rashid. Rashid alikunja mikono kifuani akautazama ukianguka miguuni pake. "Pole, Mzee," alisema, "jua lilinichoma macho." Jua lilikuwa nyuma yake. Mzee akapiga mwingine, vibaya zaidi, ukaenda polepole kwa kijana mmoja aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu, naye akaendelea kufunga. Mzee akafumba macho akapiga kwa nguvu zote, akiomba aukose. Mpira ukavuka kamba. Alama nne. Kitui wakashangilia. Hakuwahi kupiga vizuri hivyo tangu wazungu waondoke, na kila pigo lilimzeesha.

Ilipofika zamu ya kurusha kutoka upande wa pili, alijaribu hata kwa Mzee Othman. Aliweka mguu mbele, makusudi kabisa, mpira ukagonga, pamba ikaruka. Mlinda vijiti peke yake, kwa kusahau, akauliza. Mzee Othman akafungua macho, akasogeza shanga moja ya tasbihi.

"Siri yake na Mola wake."

Wakati wa kunywa maji Mumbua alimpelekea baba yake kikombe. Alikipokea bila kumtazama.

"Watu wa Kasikeu waambiwe wasije Jumamosi."

"Kwa nini, Baba? Amekosa wapi?"

"Amenihurumia mbele ya watu."

"Na angekutoa?"

Mzee alikunywa maji yote kwanza. "Angekuwa amenidharau mbele ya watu."

"Sasa alikuwa afanye nini?"

"Mimi si mwamuzi," alisema Mzee Muthama, akamrudishia kikombe.

Mumbua akaenda na maji mpaka kwa Mutie, ambaye alikuwa amesimama peke yake kwenye mwisho wa mkeka, kama mtu anayenuka. Hata waliokuwa wakimfahamu walizunguka mbali.

"Mumbua, usiniangalie hivyo. Mkono ulikataa."

"Niliuona."

"Nilimtazama goti nikajua ametoka. Halafu nikainua macho nikaona ni yeye. Ni baba yako! Nimnyoshee kidole?" Alikunywa, akakohoa. "Ungekuwa mguu wa mtu mwingine yeyote Ukambani."

"Baba amesema Jumamosi msije."

Upande ule wa mbali, vilima vya Chyulu vilikuwa vimejifunika wingu, na Mutie alivitazama kana kwamba ndivyo vilivyosema.

"Nikiulizwa tena nitajibu," alisema mwishowe. "Wallahi... samahani, hiyo ni ya Mzee Othman. Nasema kweli, nikiulizwa nitajibu. Lakini umewaona. Wamesusa. Nisipoulizwa mimi ni gogo tu limevikwa kofia."

Mumbua akachukua kikombe, akakaza fundo la leso, akarudi kwenye kamba yake.

Kitui walibakiza alama chache kushinda. Vijana wao sasa walikuwa wameamka wote, wanaimba. Mzee Muthama peke yake ndiye hakuimba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesindikizwa kwenda kuvishwa taji la mwizi. Mutiso akachukua mpira, akaenda mpaka kwenye ua kabisa, na kwa namna alivyougeuzageuza mkononi Mumbua alijua amechoka kusubiri ruhusa ya kukasirika. Akaja. Ardhi ikatetemeka. Akaachia ule ule wa chini.

Pufu!

Pamba ilitoka yote iliyobaki. Ilimfunika mzee mpaka kifuani. Alipotulia, mguu wake ulikuwa palepale, mbele ya kijiti cha katikati, kama ulioambiwa usiondoke mpaka fundi apime.

Hakuna aliyeuliza. Mutiso alifungua mdomo, akamtazama Rashid, akaufunga. Rashid alikuwa anasafisha kucha. Mlinda vijiti aliokota nyuzi za pamba kwenye shati lake. Ndege mmoja alilia huko kwenye mibono.

Mzee Muthama akageuza shingo akamtazama Rashid. Macho yake yalikuwa yanaomba kitu ambacho mdomo wake hauwezi kuomba. Kisha akamtazama Mutie, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mutie naye alimtazama, wote wawili wamesimama kila mmoja mwisho wake wa mkeka, wanangoja kuulizwa kama watu wawili wanaongoja mlango ufunguliwe kutoka ndani, na wenye nyumba wamekaa tu.

"Haya, mpira urudishwe," alisema Rashid. "Tuendelee."

Mutiso akageuka aanze safari ya kurudi kwenye ua. Akishaanza mbio za mpira mwingine, huu utakuwa umekwisha. Hakutakuwa na la kuulizwa.

Mumbua hakufikiri. Au tuseme alikuwa amefikiri tangu asubuhi, ila hakujua ni kuhusu nini. Alijikuta ameweka mikono mdomoni.

"Hauzati?"

Sauti ilitoka ndogo. Lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba hata walio juu ya marobota walisikia, na vichwa vyote vikageuka kutafuta imetoka wapi. Rashid aliacha kucha zake.

"Wewe! Nani amekwambia uulize?"

"Yeye," alisema Mumbua, na kwa kuwa hakuweza kumnyoshea baba yake kidole, alimwonyesha kwa kidevu. "Alisema nikiuliza nimeuliza."

"Kwa sheria," alisema Mzee Othman kutoka pembeni, bila kufungua macho. "Mimi nilisikia."

Sasa wote wakamgeukia Mutie. Kutoka alipokuwa, Mumbua aliuona mkono ule ule. Ulianza kupanda. Ukafika kwenye mshipi. Ukasimama. Halafu Mutie akafanya kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha wazungu. Aligeuka. Alimpa baba mkwe mgongo, akavua kofia akaishikilia mbele ya uso wake kama mtu anayepita karibu na wanawake wanaooga mtoni, na akiwa ametazama huko kwa Mumbua na kwa Chyulu, akainua kidole juu. Kilipanda mpaka mwisho wa mkono, kikakaa.

Watu walilipuka. Mutiso alimbeba Rashid bila kuombwa na Rashid. Vijana wa Kitui wakaja juu.

"Hajamtazama! Mtu hatolewi kwa kisogo!"

"Kidole kimeelekea Mombasa! Mtoeni mtu wa Mombasa!"

Mzee Muthama akainua fimbo, na kelele zikapungua.

"Nyamazeni," alisema. "Kijana ameulizwa, amejibu." Akaiweka fimbo kwapani, akaanza kutoka kwa mwendo wa polepole, mwendo wa Machakos, pamba inamfuata nyuma. Kuna waliosimama wakapiga makofi. Njia ya kutokea ilikuwa upande ule ule wa Mumbua, na Mumbua akainamisha kichwa. Mzee alipomfikia hakusimama.

"Unauliza kwa sauti ndogo," alisema. "Siku nyingine watu hawatasikia." Akapita.

Bila yeye, wapigaji waliobaki wa Kitui walimalizwa na Mutiso kabla chai haijachemka. Kibwezi wakashinda mchezo waliokuwa wameamua kuushindwa, na Rashid, ambaye alikuwa hajajiandaa kwa hotuba ya ushindi, akasema tu kwamba subira yake imezaa matunda.

Ila jambo la Jumamosi lilikuwa bado. Wakati wa chai Mzee Muthama alikaa juu ya robota, kinga zake zimelala kando kama soksi tupu, na hakuna aliyethubutu kumkaribia. Mutie alisimama mbali, kikombe mkononi, hanywi. Mumbua alizunguka na birika akimimina kwenye vikombe vilivyokuwa vimejaa.

Hatimaye mzee alikohoa.

"Mwalimu."

"Naam, Mzee." Macho kwenye udongo.

"Leo umeninyoshea kidole."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwetu hilo lina faini."

Rashid, kwa kuwa alikuwa ameshinda na moyo ulikuwa mweupe, alijaribu kusaidia. "Lakini Mzee, asubuhi si ulisema mambo ya kiwanja..."

"Kidole ni kidole! Utaleta mbuzi mmoja. Dume, asiwe na kilema. Na asichanganywe na wale wengine wa Jumamosi, aje na kamba yake peke yake, nijue huyu ni wa kidole."

Mutie aliinua uso kidogo tu, kisha akaushusha upesi. Wengine walisikia mzee mkali akimtoza kijana wa watu kwa kufanya kazi aliyoitiwa, na wawili watatu wakanung'unika kwamba Kitui hawajui kushindwa. Lakini Shufaa alimtazama Mumbua, na Mumbua alikuwa ameacha kumimina. Faini ya namna hiyo hatozwi mtu baki. Mtu baki akikunyoshea kidole mnagombana, basi, kila mtu anakwenda kwake. Anayetozwa mbuzi ni mkwe. Na wale wengine wa Jumamosi, mzee alikuwa amewataja kwa mdomo wake.

"Chai inamwagika, yatima," alisema Shufaa.

Mbuzi wa kidole alifika Jumamosi na kamba yake. Wazee walimchinja pembeni, wakamla kwa furaha kuliko wale wa ntheo, wakasema ana mafuta.

Na Jumapili Mzee Muthama alipanda mimbarani. Hakuhubiri Machakos. Alihubiri Kibwezi. Alieleza jinsi mpira ulivyomgonga mguuni, jinsi kijana mwamuzi alivyoshikwa na haya ya wakwe, na jinsi yeye mwenyewe, akiwa peke yake na dhamiri yake, alivyosema kwa sauti mbele ya uwanja mzima, "Kijana, usiogope, ninyoshee kidole." Watu wa Kibwezi, alisema, walisimama wote wakapiga makofi. Waislamu kwa Wakristo.

Kwenye benchi la wanaume Mutie alitazama kofia yake. Kwenye benchi la wanawake mama yake Mumbua aligeuka, akamtazama binti yake kwa jicho la kuuliza, maana habari ya uwanjani ilikuwa imeshamfikia kwa njia nyingine.

Mumbua alijua sheria. Uwe umeona kila kitu, mguu uwe umesimama wapi, pamba iwe imeruka kiasi gani, jambo lisipoulizwa halikutokea. Akafungua kitabu cha nyimbo.

Hakuuliza. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeuliza, mzee akaendelea kupiga.